Beti Ambazo Shangazi Hakuzisoma

Miaka kadhaa iliyopita binamu yangu alirudi kwao Tanga usiku, akiwa na begi moja na mtoto mgongoni. Jicho lake la kushoto lilikuwa limevimba. Hakuna aliyemuuliza kitu, maana jicho lilikuwa linajieleza lenyewe. Asubuhi, baada ya chai, shangazi akamwita, akamketisha mkekani, akaanza kumghania Utendi wa Mwana Kupona.

Shangazi hakushika kitabu. Beti zile alizipata kwa mama yake, na mama yake alizipata kwa somo wake. Alighani zile za mke kunyamaza mume anaposema, za kumpepea akilala, za kutomnyima analotaka. Akaghani na ule unaosema kwamba Siku ya Kiyama mume ndiye atakayeulizwa mkewe apelekwe wapi. Binamu alisikiliza kichwa chini. Alasiri akarudishwa kwa mumewe.

Tangu siku ile niliuchukia utendi huo. Nilipokuwa chuoni niliandika insha nzima ya kuutukana kistaarabu, kwa maneno makubwa makubwa, na mwalimu akanipa alama nzuri. Lakini ngoja niseme ukweli: nilikuwa sijausoma wote. Nilisoma beti zilezile ambazo shangazi alizighani, yeye akazisifu na mimi nikazilaani. Mwaka huu nimeurudia tangu mwanzo hadi mwisho, mara tatu nne, nikiwa na swali moja tu. Je, shangazi alisoma alichokikuta, au alisoma alichokitaka?

Hebu tuanze na mwenyewe mtunzi. Mwana Kupona binti Msham alizaliwa Pate, kwenye visiwa vya kaskazini ya pwani ya Kenya. Aliolewa na Bwana Mataka, mtawala wa Siu, mji uliokataa kumpigia magoti Seyyid Said wa Unguja na ukapigana na majeshi yake. Utendi aliutunga mwaka 1858, akiwa mjane na akiwa mgonjwa, kwa ajili ya binti yake Mwana Hashima. Una beti mia moja na kidogo, kwa Kiswahili cha kaskazini, na uliandikwa kwa herufi za Kiarabu kama zilivyoandikwa tendi nyingi za wakati ule. Wanawake wa Lamu na vitongoji vyake waliunakili, wakauhifadhi, wakaurithisha. Kwa hiyo huyu tunayemzungumzia si msichana aliyekaa ndani akisubiri kuoa kwa watu. Ni mwanamke wa nyumba ya utawala, aliyeona vita, aliyezika mume, na sasa anahesabu siku zake.

Kilichomo ndani sasa. Mama anamwita binti asogee karibu. Anamwambia ugonjwa umemshika mwaka mzima na hajapata nafasi ya kumpa neno zuri. Anamwambia alete wino na karatasi. Anamwahidi pambo, kidani cha lulu na marijani, lakini pambo hilo ni maneno. Halafu yanafuata mafundisho: shika dini, uwe na adabu, sema kweli, usiandamane na wajinga. Baada ya hapo ndipo linapokuja lile fungu maarufu. Mwanamke anahitaji radhi tano ili apate raha duniani na akhera: ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama na ya mume. Na kuhusu mume ndipo maneno yanapokuwa mengi kuliko yote. Mnyamazie. Mwangalie kama mtoto mdogo asiyejua kusema. Jipambe, jinukishe, safisha nyumba, omba ruhusa ukitoka, rudi mapema.

Siwezi kujifanya kwamba hayo hayamo. Tena upo ubeti unaogusa mume anayetenda maovu, na ushauri wake ni kwamba Mungu atakulipia. Kwa hiyo shangazi hakuzua kitu. Anayedai kwamba utendi huu ni wa ukombozi mtupu, na kwamba utii umepachikwa na wasomaji wabaya, anatudanganya kwa upendo. Hata mwishoni, mtunzi anapowageukia wanawake wote na kuwaambia wausome, anarudia kwamba wawatii waume zao.

Wapo wahakiki waliojaribu kutafuta mlango mwingine. Ann Biersteker ni mmoja wa waliotaka tuusome upya utendi huu na tuwe tayari kusikia kejeli ndani yake. Ukimfananisha bwana mkubwa wa nyumba na mtoto mchanga, umemheshimu au umemcheka? Swali zuri hilo, na nakiri lilinichekesha, maana kila mwanamke aliyewahi kukaa barazani na wenzake anajua jinsi waume wanavyozungumzwa wakiwa hawapo. Lakini mimi kejeli siisikii hadi mwisho. Mgonjwa anayemwachia mwanawe wasia, na anayeamini kabisa kwamba kuna moto na kuna pepo, sidhani alikuwa anafanya mchezo kwenye mambo ya radhi. Naona alikuwa anasema alichokiamini.

Basi tumekwama? La. Tatizo langu la chuoni, na la shangazi pia, lilikuwa kusoma katikati tu. Tuusome mwisho.

Baada ya kumaliza kumwelekeza binti, Mwana Kupona anaanza kusimulia ndoa yake mwenyewe. Anasema aliolewa na baba yake Mwana Hashima kwa furaha na vicheko, na kwamba siku zote walizokaa pamoja hawakuvunjiana heshima. Mume alipofikwa na mauti, alimrudiarudia radhi zake. Ukiwa msomaji wa haraka utaona hapo ni sifa za marehemu tu, kama tunavyosema matangani. Lakini tazama sarufi. Katika mafundisho, karibu vitenzi vyote ni vya upande mmoja: wewe binti mfanyie yeye hivi, wewe usimfanyie vile. Anapofika kwenye ndoa yake, kitenzi kinabadilika, kinakuwa cha kutendana. Si kwamba yeye Mwana Kupona hakumvunjia mumewe heshima. Wao wawili hawakuvunjiana. Kiambishi kidogo tu, lakini Kiswahili hakiweki kiambishi hicho bure.

Kwa maoni yangu, hapo ndipo utendi mzima unaposimama. Mwanamke huyu anatoa ushauri wa utii kutoka ndani ya ndoa ambamo, kwa ushuhuda wake mwenyewe, heshima ilikwenda na kurudi. Aliponyamaza, alimnyamazia mtu ambaye naye alikuwa na mambo aliyoyanyamazia. Ushauri wake una sharti, ila sharti hilo hakulitaja kama sharti. Alilitaja kama kumbukumbu, kwa sababu kwake lilikuwa jambo la kawaida. Ukimpa mtu mwingine ushauri ule bila kumbukumbu ile, umempa nusu ya dawa, na nusu ya dawa wakati mwingine ni sumu. Shangazi alighani vitenzi vya upande mmoja kwa mwanamke ambaye heshima yake ilikuwa imevunjwa hadi ikaonekana usoni.

Na kuna jingine. Mwana Hashima alikuwa binti wa mtawala. Kijana yeyote ambaye angemwinulia mkono alijua anainulia mkono nyumba ya nani. Utii wa mtu mwenye ukuta nyuma yake si sawa na utii wa mtu aliyeegemea hewa. Binamu yangu ukuta wake ulikuwa shangazi, na ukuta ule siku hiyo ukamrudisha alikotoka.

Sasa turudi kwenye wino. Mara nyingi tukizungumza nafasi ya mwanamke katika fasihi ya kale, tunahesabu majukumu aliyopewa ndani ya maandishi: ni mke, ni mama, ni mshawishi, ni mhanga. Ni hesabu halali, lakini inasahau kuuliza kalamu iko mkononi mwa nani. Jukumu la kwanza ambalo Mwana Kupona anampa binti yake, kabla ya upepeo, kabla ya hina, ni kuleta wino na karatasi na kukaa. Na mwishoni kabisa mtunzi anajitaja jina, anataja alikozaliwa, anaandika mwaka wa Hijria, 1275, asije mtu akamnyang'anya kazi yake. Mwanamke anayefundisha wenzake kunyamaza anafanya hivyo kwa sauti iliyodumu zaidi ya miaka mia moja na sitini. Ndani ya utendi uleule kuna mke anayenyamaza na kuna mtunzi asiyenyamaza, nao ni mtu mmoja. Ukimfundisha bibi harusi yule wa kwanza tu, umemficha yule wa pili.

Na hata kichwa kilisaidia kumficha. Alice Werner na William Hichens walipouchapa utendi huu mwaka 1934 pamoja na tafsiri ya Kiingereza, kichwa walichoupa kilitaja nasaha za Mwana Kupona juu ya wajibu wa mke. Dini, adabu, ndugu, maskini, dua, maradhi na utunzi, vyote vikabaki nje ya mlango. Shangazi hakuwahi kuwasoma Werner na Hichens, lakini alikuwa amefika palepale kwa njia yake.

Hata hivyo, sitaki kumwacha Mwana Kupona apite bila kuulizwa swali zito kuliko la mume. Katika mafundisho yake anamwonya binti asichanganyike na watumwa ila wakati wa kazi. Ubeti huo tunaupita haraka sana, jamani. Nani alikuwa anachota maji katika nyumba ile? Nani alitwanga, alipika, alifua, ili bibi wa nyumba apate alasiri tulivu ya kuandika beti mia moja? Mwanamke wa utendi huu ni mwungwana. Tunapousoma kama picha ya "mwanamke wa Kiswahili", tunawafuta wanawake waliokuwa jikoni siku uleule utendi ulipokuwa unaandikwa ukumbini. Wao hawakuwa na muda wa kujinukisha, na hakuna aliyewaambia walete karatasi.

Mmoja wa mabinti wa upande ule wa nyumba alikuja kusikika, ingawa si Pate, ni Unguja. Alizaliwa Fumba mnamo 1880, takriban miaka ishirini na mbili baada ya utendi, na jina alilopewa lilikuwa Mtumwa. Jina tu linatosha kukueleza alikotoka. Alibeba vyungu kichwani akaviuza mjini, huku akiimba kuvitangaza. Baadaye akafundishwa muziki, akapewa jina la Siti, yaani bibi wa heshima, na mwaka 1928 akavuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri. Alifariki 1950. Shaaban Robert akamwandikia wasifu, nao ukatoka mwaka 1958, miaka mia kamili baada ya Mwana Kupona kushika kalamu.

Nikiziweka kazi hizi mbili pamoja ndipo naona pengo. Mwana Kupona anamfundisha binti afunike mwili njiani na asizungumze barabarani. Siti binti Saad riziki yake yote ilikuwa barabarani, na sauti yake ndiyo iliyomlisha. Wapinzani wake walimtungia wimbo wa kumsuta kwamba alitoka shamba na kaniki, na kwamba asingekuwa na sauti asingepata cha kula. Yeye akawajibu kwa wimbo kwamba sura si kitu, cha maana ni akili na tabia. Ukiupima mwenendo wake kwa kipimo cha utendi, amefeli karibu kila somo. Lakini ndiye aliyeimba kisa cha mwanamke aliyeuawa Unguja, muuaji akakimbilia Dar es Salaam, na wanawake waliotoa ushahidi wakageuka ndio wa kuadhibiwa. Laiti angenyamaza kama beti zinavyoagiza, kisa kile kingezikwa na marehemu.

Kasoro ya Shaaban Robert, kwa maoni yangu, ni kwamba anampenda Siti kiasi cha kumpiga pasi. Anamgeuza kielelezo cha subira na bidii hadi wakati mwingine humwoni mtu mwenye hasira, mwenye mzaha, mwenye uchovu. Ni kana kwamba mwanamke hawezi kuheshimiwa mpaka kwanza awe somo la maadili. Lakini bado alifanya jambo kubwa: mwandishi mashuhuri wa kiume alichukua maisha ya mwuza vyungu akayaona yanastahili kitabu kizima.

Kazi ya tatu ni Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971. Hapa tumeiacha pwani, tuko Ukerewe, katika kijiji cha Namagondo, kwenye nyumba ya Wakristo. Nailetea hapa kwa sababu inajibu swali ambalo utendi hauliulizi: inakuwaje pale ambapo hakuna anayemketisha binti? Zakaria, baba yake Rosa, ni mlevi na mkali. Barua moja tu ya mvulana inatosha Rosa apigwe. Mama yake, Regina, anabeba nyumba nzima mgongoni, na mwenyewe anapigwa. Rosa anapelekwa shule akiwa amefundishwa jambo moja tu kuhusu wanaume, nalo ni woga. Woga ukimwisha, hana kingine cha kushika. Anaporomoka, na mwisho wake ni kujiua. Kezilahabi haishii hapo, anatupeleka hadi kwenye hukumu ya mbinguni ambako baba na binti wanasimama wote wawili.

Fananisha hukumu hizo mbili. Kwa Mwana Kupona, Siku ya Kiyama mume anaulizwa kuhusu mke. Kwa Kezilahabi, baba naye anaulizwa kuhusu malezi yake. Kati ya 1858 na 1971 kidole kimeanza kugeuka. Sisi wasomaji tulifanyaje? Riwaya ikapigwa marufuku mashuleni kwa madai ya kukosa maadili. Yaani kitabu kilichosema kwamba kumnyamazisha msichana kunamwangamiza kikatendewa vilevile kama Rosa: kikanyamazishwa, eti kwa faida ya wasichana. Baadaye kiliruhusiwa, na leo walimu wengi wanakifundisha.

Ukinilazimisha nichague kati ya nyumba mbili, ile ya Siu na ile ya Namagondo, nitachagua ya Siu, pamoja na utii wake wote. Si kwa sababu naukubali ushauri. Ni kwa sababu mle ndani mama alisema na mwanawe, na alichosema kikaandikwa. Neno lililoandikwa unaweza kubishana nalo. Mimi nabishana nalo hapa, miaka mia na sitini na ushei baadaye, na yeye amesimama palepale na jina lake, hakimbii. Kimya cha Zakaria huwezi kubishana nacho. Kinakupiga tu.

Narudi kwa binamu yangu. Miaka mitatu baada ya asubuhi ile alitoka kwenye ndoa ile moja kwa moja. Safari hii shangazi hakumghania kitu. Alimwandalia kitanda, akamchukua mtoto, akaenda sokoni kununua samaki. Sasa hivi binamu ana duka lake dogo la vitambaa, na mtoto yuko sekondari.

Mwezi uliopita nilikwenda kumwona shangazi. Macho yamepungua nuru, lakini kichwa bado kizima. Nilimsomea utendi wote, tangu mama anapomwita binti hadi anapotaja mwaka. Kwenye beti za katikati alighani pamoja nami bila kukosea. Nilipofika kwenye ndoa ya Mwana Kupona, pale pa kutovunjiana heshima, akanyamaza. Nikadhani amesinzia. Nilipomaliza nikamuuliza, "Shangazi, mbona hizi za mwisho hukumghania yule?"

"Mwanangu," akasema, "hizo mimi sikufundishwa."

Hakusema kwa kujitetea. Aliomba nimrudie tena zile beti, polepole, na mara ya tatu akawa anazishika. Tukakaa mpaka magharibi. Nimemwahidi kwamba nikirudi Tanga nitamwandikia zote kwa herufi kubwa, kwa sababu mjukuu wake wa kike anaolewa baada ya mfungo, na shangazi ndiye atakayemketisha.